Jinsi ya kuuingiza mlango wa nakshi kwenye kompyuta kwa simu yako: mwongozo kamili, toka kupiga picha mpaka kurenda

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida tu, laptopu yenye nguvu kiasi, na mlango. Nimechagua mlango wa nakshi, ile milango ya Mji Mkongwe Zanzibar au ya Lamu, kwa sababu una kila kinachosumbua kwenye hii kazi: mbao iliyochongwa minyororo na maua madogo madogo, njumu za shaba zinazong'aa (vile vichwa vikubwa vya misumari), uso mpana ulio bapa, afu uko kwenye kichochoro ambacho hata kurudi nyuma mita 3 huwezi. Ukiuweza mlango basi kinyago, kaburi la kale, mtungi, vyote hivyo vitakuwa vyepesi.

Na mimi naona hii kazi ina haraka kweli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka, na lile ndo jumba ambalo kila mtu anaijua picha yake. Sasa mlango wa nyumba ya kawaida nani atauandika siku ukiliwa na mchwa, au ukiuzwa, au ukipakwa rangi ya mafuta mpaka nakshi zote zikajaa? Wenye skana za leza wapo, Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulishapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, lakini hakuna mradi utakaopita mlango kwa mlango. Sisi tunaokaa hapa tunaweza.

Kwanza elewa kompyuta inaona nini

Njia tunayotumia inaitwa fotogrametria, yaani kujenga umbo la 3D la kitu kutokana na picha zake nyingi, na wazo lake ni la zamani sana. Mwaka 1858 Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo Mjerumani, alikuwa anapima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono, akanusurika kuanguka kutoka juu, ndo akawaza kwamba afadhali apige picha afu vipimo avitoe kwenye picha. Leo hesabu hiyo inafanywa na programu yenyewe. Inatafuta kwenye kila picha vidoa vinavyotambulika, ncha ya jani, ufa wa mbao, tundu la msumari (mbinu maarufu ya kuvitambua, SIFT, ilitolewa na David Lowe mwaka 1999), inakitafuta kidoa kile kile kwenye picha nyingine, afu kutokana na jinsi vidoa vilivyohama inakokotoa kamera ilisimama wapi na kila kidoa kiko umbali gani.

Shika hilo vizuri mana hatua zote zinazofuata zinatoka hapo: kompyuta inaamini kile tu ambacho picha mbili tatu zimekubaliana. Mbao haibadiliki sura ukisogea hatua moja kushoto kwa hiyo picha zinakubaliana. Shaba iliyosuguliwa inabadilika, mng'ao wake unakufuata unavyotembea, kwa hiyo picha zinagombana na programu haijui iamini ipi. Ndo mana msimamo wangu kwenye milango ni huu: mbao tunainasa kwa picha, shaba tunaiiga ndani ya Blender, programu ya kutengeneza vitu vya 3D na kuvirenda, yaani kuvitolea picha ya mwisho. Anayetaka kunasa vyote kwa mkupuo mmoja anaishia na njumu zenye mashimo na ncha za ajabu ajabu, afu anapoteza siku nzima kuzirekebisha moja moja.

Vifaa

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha kabisa. Fimbo ya selfi yenye rimoti au taima, kwa ajili ya kizingiti cha juu. Futi kamba ya fundi. Karatasi ya kijivu isiyong'aa ukiipata, kwa ajili ya kusahihisha rangi baadaye. Nguo nyeusi au ya rangi ya kufifia, nitaeleza kwa nini. Stendi ya simu ni nzuri lakini siyo lazima kama mwanga upo.

Kwenye kompyuta utahitaji Meshroom, inayogeuza picha kuwa umbo la 3D, na Blender, zote za bure. Meshroom ili ifike mwisho inataka kadi ya grafiksi ya NVIDIA, na RAM iwe GB 16 angalau. Kama huna kadi hiyo usikate tamaa, nimeweka njia mbadala chini.

Watu wenye iPhone za Pro huwa wanasema wao wana LiDAR, kile kipima umbali cha leza, hawahitaji haya yote. LiDAR ya simu inatoa ramani ya umbali yenye nukta 256 kwa 192 tu, inafaa kupima chumba, lakini nakshi yenye kina cha nusu sentimita haiioni, itakupa ubao laini uliobandikwa picha ya nakshi. Kwa mlango piga picha.

Omba ruhusa

Mlango ni wa nyumba ya watu na ndani kuna watu. Piga hodi, mpe mzee au bi mkubwa shikamoo yake, mweleze unafanya nini na picha zitaenda wapi, na mwambie itachukua kama nusu saa na mlango utabidi ubaki umefungwa, mana ukifunguliwa katikati ya kazi picha za kabla na za baada hazitakubaliana. Hili la mwisho ni muhimu kiufundi pia. Mkubaliane saa ambayo watoto hawaendi chuoni na hakuna anayekwenda sokoni. Kama kuna pikipiki au viatu vimeegeshwa mlangoni omba visogezwe, na usisogeze mwenyewe.

Mwanga

Hapa ndo kazi nyingi zinapoharibikia. Unataka mwanga laini, usio na kivuli kikali, usiobadilika kwa nusu saa. Siku ya mawingu ni nzuri kuliko zote. Siku ya jua subiri mlango uwe wote kivulini, na uzuri wa vichochoro vyetu ni kwamba kuta ziko karibu kwa hiyo mlango unakaa kivulini sehemu kubwa ya siku, jua linapita kidogo tu kuelekea adhuhuri. Epuka kabisa hali ya nusu jua nusu kivuli, kwa sababu jua linahama nyuzi 15 kwa saa, ndani ya nusu saa kile kivuli kimesogea kwenye mbao, na kwa kompyuta ukingo wa kivuli ni kidoa kama vidoa vingine, itakifuatilia na kitaivuruga. Pia kivuli kikishaingia kwenye rangi ya mlango kutoka tena ni shida, nitarudi hapo.

Usiwashe flashi ya simu. Flashi inahama na wewe, kwa hiyo kila picha ina mwanga wake.

Kama mbao imepakwa vanishi inayong'aa, kuna ujanja wa wataalamu: unaweka kioo cha polaraiza mbele ya lenzi na karatasi ya polaraiza mbele ya taa, afu unazungusha kimoja mpaka vipishane nyuzi 90, mng'ao wa vanishi unapotea na inabaki rangi ya mbao yenyewe. Kwenye shaba ujanja huu haufai. Metali haina rangi ya ndani kama mbao, mwanga wake wote ni wa kuakisi, ukiuzuia huo shaba inatoka nyeusi tii. Na zile spreyi nyeupe za kufuta mng'ao wanazotumia viwandani usizisogeze kwenye mlango wa watu wa miaka mia.

Seti simu

Fungua modi ya Pro kama simu yako inayo. ISO 100 mpaka 200, shata isiwe ya polepole kuliko 1/125 kama umeshika mkononi, rangi ya mwanga uifunge kwenye namba moja, mfano 5500K, usiiache kwenye oto mana mlango utatoka wa njano huku na wa bluu kule. Kwenye iPhone bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, na ukibadilisha umbali ufunge fokasi upya. Tumia lenzi kuu moja tu mwanzo mpaka mwisho. Lenzi ya upana mkubwa inapinda kingo, zumu ya kidijitali inaongeza uongo, modi ya potreti inafuta nyuma, HDR na ile modi ya usiku zinachanganya picha kadhaa kuwa moja. Zima zote. Kichochoro kikiwa na giza weka simu kwenye stendi, tumia taima ya sekunde 2, na shata iwe ya polepole utakavyo, ilimradi ISO isipande.

Piga picha ya kwanza karatasi ya kijivu ikiwa imeegemea mlango. Afu kazi ianze.

Kupiga picha zenyewe

Kanuni ni kwamba picha zipandiane asilimia 70 hivi, yaani kila kipande cha mlango kionekane kwenye picha tatu nne tofauti angalau. Na lazima uhamishe miguu. Ukisimama pale pale ukageuza simu kushoto kulia, vidoa havihami kulingana na umbali wao, kompyuta haina pa kukokotolea kina. Hatua moja ndogo, picha, hatua moja ndogo, picha.

Simama mita 1 kutoka mlangoni, simu wima. Kwa simu nyingi za megapikseli 12 hapo pikseli moja inabeba kama theluthi ya milimita, ambayo kwa nakshi za mnyororo na maua inatosha. Upana wa picha ni kama mita 1, kwa hiyo unasogea sentimita 30 kila mara. Mlango wa upana wa mita 2 na nusu pamoja na miimo unakuwa na picha 8 au 9 kwa mstari. Maliza mstari wa kifuani, rudi kwa mstari wa magotini, afu wa juu ya kichwa, afu fimbo ya selfi kwa kizingiti cha juu ambacho kawaida ndo chenye nakshi nzito na maandishi, kwa hiyo usikionee uvivu. Mistari ipandiane pia, toka chini mpaka juu inafika 6 au 7. Hiyo ni duru ya kwanza, picha kama 60, zote kamera imetazama mlango moja kwa moja.

Wengi wanaishia hapo na hapo ndo pabaya. Uso bapa uliopigwa kwa kutazamwa moja kwa moja tu unampa kompyuta utata: lenzi ya simu inapinda picha kidogo, na programu inabidi ikisie imepinda kiasi gani, na kwa picha za aina hiyo mlango bapa wenye lenzi fulani na mlango uliobetuka wenye lenzi nyingine zinatoa picha zile zile. Programu ikichagua vibaya utapata mlango uliobetuka katikati sentimita 2 au 3, unapendeza machoni kabisa, na vipimo vyote vya uongo. Dawa ni duru ya pili na ya tatu: rudia mistari ukiwa umetazama mlango kwa pembe ya nyuzi 30 mpaka 45 kutoka kushoto, afu kutoka kulia. Ongeza na chache simu ikiwa imelazwa. Duru hizi mbili ndo zinaingia pia ndani ya nakshi, kwenye kuta za pembeni za michongo ambazo ukisimama mbele huzioni.

Sasa mfaa, ile nguzo ya katikati iliyobebwa na ubawa mmoja. Mfaa umetokeza mbele kuliko mbawa zote mbili, una michongo pande tatu, na pale unapokutana na ubawa kuna kijipenyo chenye giza. Usogelee taratibu, mita 1, afu sentimita 70, afu sentimita 50, usiruke toka mita 2 mpaka sentimita 30 kwa mara moja mana picha za mbali na za karibu hazitatambuana. Ushuke nao toka juu mpaka chini kwa kushoto, afu kwa kulia, picha zikipandiana sana, hata asilimia 80. Na kwenye kila picha ya karibu acha kipande cha ubawa kionekane. Sababu ni kwamba mnyororo wa mfaa ni pete ile ile imerudiwa mara nyingi, na njumu ni njumu ile ile mistari na mistari, kompyuta ikiona pete peke yake inaweza kudhani pete ya 5 ndo ya 6, ikauhamisha mfaa mzima. Ufa, doa la rangi, tundu la kufuli, mkwaruzo, hivyo ndo vinavyomweleza ni pete ipi.

Nguo nyeusi sasa. Sogea karibu na njumu uitazame, utajiona umo ndani, wewe na simu yako na ukuta wa nyuma. Ukivaa kanzu nyeupe au shati jeupe, kwenye kila njumu kuna alama nyeupe inayohama picha hadi picha, na shaba inamwaga kidogo mwanga huo kwenye mbao ya pembeni yake. Nguo nyeusi inapunguza sana. Njumu haitatoka vizuri hata hivyo, ila itatosha kuonyesha iko wapi na ina ukubwa gani, na hicho tu ndo tunachokitaka kwake. Kabla hujaondoka chagua njumu moja nzima, piga picha ya ubavuni kuonyesha ilivyotokeza, pima kipenyo na kimo kwa futi uandike.

Jumla utakuwa na picha 150 mpaka 200.

Vipimo

Model inayotoka kwenye picha haina ukubwa, haijui kama ni mlango au ni sanduku. Kwa hiyo kabla hujaondoka pima umbali tatu kwenye vitu vinavyoonekana wazi pichani, mfano toka kona ya mwimo hadi kona ya mwimo, na mwingine wa wima. Mbili za kutumia, ya tatu ya kukagua. Unaweza kubandika karatasi mbili zenye alama ukutani pembeni, kwenye plasta siyo kwenye mbao, gundi ya tepu inang'oa rangi ya zamani. Andika pia mlango unaangalia upande gani wa dira.

Kuhamisha picha

Tumia waya. Usijitumie picha kwa WhatsApp kama picha, inazipunguza na inafuta taarifa za kamera zilizomo kwenye faili, ambazo programu inazihitaji ili ianze na makadirio mazuri ya lenzi. Ukilazimika, zitume kama dokumenti. Zikishafika kwenye kompyuta zipitie moja moja kwa ukubwa kamili, iliyotikisika futa bila huruma. Picha 140 kali zinashinda 200 zenye ukungu. Folda ya picha asili iache hivyo hivyo, fanyia kazi nakala.

Meshroom

Buruta picha zote kwenye dirisha la kushoto, sevu projekti kwanza, afu bonyeza Start. Kazi inapita kwenye nodi, yaani hatua, moja baada ya nyingine: kutambua vidoa, kulinganisha picha, kukokotoa kamera, kukokotoa umbali wa kila pikseli, kutengeneza meshi (umbo la pembetatu nyingi zilizoungana), kuipaka tekstcha (picha ya rangi yake). Kwa picha kama hizi ni kazi ya masaa kadhaa, iache usiku, laptopu iwe mezani siyo kitandani ili ipumue. Umeme ukikatika usihuzunike, Meshroom inahifadhi kila nodi iliyomaliza, ukiwasha inaendelea ilipoishia.

Lakini usiiache iende mwisho bila kuikagua. Ikimaliza StructureFromMotion, ile nodi ya kukokotoa kamera, simama uangalie. Utaona wingu la nukta lenye umbo la mlango, na vikamera vidogo mbele yake. Kamera ziko kwenye mistari uliyotembea? Zimeingia zote au nyingi? Kosa la wastani liwe chini ya pikseli 1. Ukiona mfaa mara mbili, au mwimo umekatika ukahama, kuna picha zimelinganishwa vibaya, mara nyingi zile za karibu sana za mnyororo. Zitoe, rudia. Kukagua hapa ni dakika 5, kugundua baada ya usiku mzima ni usiku mzima mwingine.

Huna kadi ya NVIDIA? COLMAP, programu nyingine ya kazi hii hii, inaweza kukokotoa kamera kwa kichakataji cha kawaida, polepole ila inafika, ila hatua ya kujaza nukta nyingi nayo inataka kadi hiyo. Kwa hatua hiyo tumia kompyuta ya rafiki, au Google Colab, au apu za simu zinazofanya kazi kwenye seva zao kama Polycam na KIRI Engine. Apu ni rahisi lakini haikupi nafasi ya kukagua katikati, na inakula bando, picha 200 za megapikseli 12 ni karibu GB 1.

Blender: kusafisha na kupunguza

Meshi mbichi ina pembetatu mamilioni. Ipunguze kidogo kwa nodi ya MeshDecimate hukohuko au kwa MeshLab mpaka milioni 3 hivi, ndo uifungue kwenye Blender. Futa vipande vya ukuta na ardhi usivyovihitaji, ila baraza ya mlangoni mimi naiacha, mlango bila baraza yake unakaa hewani.

Weka ukubwa: pima kwa kifaa cha Measure ule umbali wa kwanza. Kama futi ilisema mita 1 na Blender inasema 0.37, zidisha ukubwa kwa 2.7 afu bonyeza Ctrl+A uthibitishe. Sasa kagua ule umbali wa tatu. Tofauti ikizidi milimita 5 kwa mita kuna tatizo, rudi kwenye kamera. Afu tazama mlango kutoka juu, weka ubao mnyoofu sambamba na kizingiti, uone kama mbao imebetuka.

Ikikaa sawa, tengeneza nakala. Nakala ipunguze kwa Decimate mpaka pembetatu 50,000 hivi, ikunjue iwe bapa kama karatasi kwa Smart UV Project ili ipakike picha, afu hamishia michongo ya ile nzito kwenye nyepesi kwa kubeki, yaani kuichapa michongo kwenye picha: injini iwe Cycles, chagua nzito kwanza afu nyepesi, washa Selected to Active, Extrusion sentimita 1 au 2, aina iwe Normal, picha ya 4096 kwa 4096. Rudia kwa rangi. Unapounganisha ile ramani ya Normal (picha inayobeba michongo) kwenye matirio, yaani mpangilio wa jinsi uso unavyoonekana, badilisha nafasi ya rangi iwe Non-Color, hiki ndo kitu watu wanachosahau na nakshi zinatoka zimevimba vibaya na hawajui kwa nini.

Rangi yenyewe bado ina kivuli kidogo ndani ya michongo hata kama ulipiga kwenye mawingu. Ukiiacha, ukija kuweka jua la Blender utapata kivuli juu ya kivuli na nakshi zitakuwa nyeusi. Beki pia kivuli cha mianya, Ambient Occlusion, afu gawanya rangi kwa hiyo picha, ila kwa nguvu ya nusu tu. Uchafu wa miaka ulioingia kwenye michongo ni wa kweli, na hatutaki kuufuta.

Kuiga shaba

Tengeneza njumu moja kwa vipimo ulivyoandika: duara, kimo, ukingo, ncha. Ikishakaa, ipandikize mahali pa kila njumu mbovu ya kwenye meshi, na chini yake ikate ile mbovu isitokeze. Zisifanane kabisa, zungusha kila moja kidogo, chache ziinamishe nyuzi moja mbili mana misumari ya kweli iligongwa kwa mkono.

Matirio ni Principled, Metallic (umetali) 1, rangi ya njano iliyokolea, Roughness (ukwaru, ukishuka uso unang'aa zaidi) kama 0.3. Mbao Metallic 0, Roughness 0.6 hadi 0.8, iliyopakwa mafuta inashuka mpaka 0.4. Usiache Roughness iwe namba moja tambarare. Angalia picha zako: njumu za usawa wa mkono zinang'aa kwa kuguswa, za juu zimefifia na kuingia weusi kwa hewa ya bahari, na pale shaba inapokutana na mbao kuna duara la uchafu wa kijani kijivu. Fanya hivyo hivyo, kwa kupaka taratibu kwa brashi. Hapa ndo jicho la mtu wa hapa linapomshinda aliyekaa mbali na mlango.

Kuiga jua

Blender ina anga ya kukokotoa, Sky Texture, na nyongeza ya Sun Position. Weka latitudo −6.16, longitudo 39.19, saa za UTC+3, na geuza mlango ufuate dira uliyoandika. Sasa chagua tarehe. Zanzibar iko kusini ya ikweta kidogo tu, kwa hiyo Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini karibu nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba linapita upande wa kusini karibu nyuzi 17. Mlango unaoangalia kaskazini unapata jua la mchana Juni, Desemba haupati kabisa. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, mwanga unateremka sambamba na mlango na kila mchongo unatupa kivuli kirefu chini yake, na hizo ndo tarehe ninazopenda kurendea nakshi. Weka na kuta za kichochoro, hata kama ni maboksi matupu ya rangi ya chokaa, kwa sababu mwanga mwingi wa kichochoroni umeshagonga ukuta wa pili kabla ya kufika mlangoni. Bila kuta hizo mlango utaonekana umewekwa uwanjani.

Na Gausiani splating je?

Mbinu hiyo ilitoka 2023, watafiti wa Inria Ufaransa, inajenga mandhari kwa mamilioni ya vidoa laini vyenye rangi badala ya pembetatu, na kila kidoa kinaweza kubadilisha rangi kulingana na unakotazama. Kwa hiyo shaba inaiweza kuliko meshi, na kichochoro kizima na waya zake na nguo zilizoanikwa kinatoka kizuri mno. Inatumia picha zile zile na kamera zile zile za COLMAP. Lakini jua lililomo ndo hilo hilo, kulibadilisha ni kazi, na kuupima mchongo kwa uhakika au kumpa fundi achonge kama ule ni meshi tu. Mimi nafanya zote mbili, splati kwa kutazama, meshi kwa kumbukumbu.

Kuhifadhi na kusambaza

Toa faili la GLB, aina ya faili la 3D lenye meshi na tekstcha pamoja, tekstcha zipunguze hadi 2048, washa mgandamizo wa Draco, jitahidi lisizidi MB 20 ili mwenye simu na bando dogo alifungue. Tovuti ya Sketchfab inafaa kwa kuliweka. Kwenye maelezo andika mji, mwaka uliopiga, aina ya nakshi, vipimo. Mtaa na namba ya nyumba usiandike hadharani, madalali wa milango nao wanaperuzi. Mpelekee mwenye nyumba nakala yake kwenye simu, umwonyeshe jinsi ya kuuzungusha kwa kidole.

Afu hifadhi picha asili zote, ile ya karatasi ya kijivu, na vipimo kwenye faili la maandishi, sehemu mbili tofauti, mfano diski ya nje na mtandaoni. Meshi unaweza kuitupa, programu za miaka 10 ijayo zitatengeneza bora zaidi kutoka kwenye picha hizo hizo. Folda iipe jina lenye tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe ukishakuwa na milango 50.